Mafunzo ya mbwa Moshi: mikono stadi, nadharia iliyochakaa

Kwa mwezi mmoja nimekuwa nikimpeleka Popi, mbwa wangu wa kienyeji wa miezi minane, kwenye mafunzo yanayotolewa katika uwanja mmoja pembezoni mwa mji wa Moshi, ambao sitautaja kwa jina. Nililipa shilingi 120,000 kwa vipindi vinane, na kuhusu kazi yenyewe sina lawama: Popi, aliyekuwa akiifukuza kila bodaboda inayopita getini, sasa anaketi akiambiwa na anarudi akiitwa. Mwalimu ana subira na jicho kali. Mbwa akitii, humtuza papo hapo kwa kitu anachokitoa mfukoni.

Lawama yangu ni juu ya maelezo yake. Siku ya kwanza alinionyesha picha ya mbwa mwitu wa Serengeti, yule mwenye mabaka na masikio ya duara, akasema, “Mama, babu yake Popi ndiye huyu, usipomtawala, atakutawala.” Nadhani jina limempotosha. Kiswahili huwaita mbwa mwitu wanyama wawili tofauti, na mbwa wa nyumbani ametokana na yule wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye si mnyama wa mbuga zetu.

Kwa hoja hiyo tuliagizwa tumlaze mbwa chali na kumkandamiza kila anapokaidi. Fikra hii inatokana na uchunguzi uliochapishwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu wa kijivu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na kitabu cha David Mech cha mwaka 1970 kikaieneza. Mech huyo huyo, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wala si watu baki wanaogombea cheo. Nilipomlaza Popi chali alijikojolea, akaingia chini ya gari na hakutoka hadi jioni. Sikurudia.

Agizo la pili, nyama mbichi pekee, lilinimalizia fedha buchani kwa wiki mbili. Mbwa si mgeni aliyetoka porini jana: huko Oberkassel, Ujerumani, alifukuliwa mbwa aliyezikwa pamoja na watu wawili miaka ipatayo 14,000 iliyopita, na tangu watu walipoanza kulima amekuwa akila makombo ya nafaka zao. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba, wakati mbwa mwitu ana nakala mbili tu za kinasaba kinachosaidia kumeng'enya wanga, mbwa wa nyumbani huwa nazo kuanzia 4 hadi 30. Kwa hiyo nimemrudishia Popi ugali wake wa dona na dagaa, pamoja na mapupu yaliyochemshwa mara mbili kwa wiki, na manyoya yake yanang'aa kama zamani.

Mwenye mbwa msumbufu naye aende, kwa sharti la kufuata mikono ya mwalimu kuliko maneno yake. Katika kipindi cha mwisho nilisogea karibu nione anachowatuza mbwa wetu: kilikuwa chapati, iliyokatwa vipande vidogo vidogo.