Shingo ya mninga kwenye gitaa langu: miezi 14 baadaye

Gitaa lenyewe nililinunua Kariakoo mwaka 2022, jipya ndani ya boksi, nakala ya zile Telecaster za Fender, kampuni ya gitaa ya Marekani, lakini kwa jina ambalo sijaliona tena popote. Laki nne na ishirini baada ya kuvutana sana. Shingo nikaambiwa ni mepo halisi, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. "Bosi, hii haipindi hata ukiitupa baharini."

Sikuitupa baharini. Nilihamia nayo Kigamboni tu.

Napiga solo kwenye bendi ya hoteli, siku tatu kwa wiki. Ukumbini AC inapuliza mpaka waimbaji wanavaa masweta. Saa saba usiku nalibeba gitaa, napanda nalo pantoni kwenye upepo wa chumvi, nalifikisha chumbani ambako hata kiberiti hakiwaki vizuri kwa unyevu. Agosti tulikwenda Dodoma kwa wiki mbili. Siku ya nne nilihisi kitu kinanichana kiganjani kila nikishuka na shingo: mbao ilikuwa imesinyaa kwa ukavu, freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zikabaki na urefu wake, ncha zikachomoza pembeni kama meno ya msumeno. Tuliporudi Dar zikajificha tena, nikadhani yamekwisha.

Masika iliyofuata ndipo nilipojua sina gitaa. Uzi wa kwanza ulikuwa unakwaruza kuanzia freti ya tisa kwenda mbele, hautoi noti. Uzi wa sita nao ulikuwa umenyanyuka kiasi kwamba kwenye freti ya 12 nilipitisha sarafu mbili za shilingi mia mbili chini yake bila kugusa chochote. Upande mmoja umezama, mwingine umepaa. Lishike gitaa kama unayelenga bunduki, ufumbe jicho moja, utazame kutoka kichwani kuelekea kwenye briji, pale nyuzi zinapoishia mwilini: freti ya kwanza na ya mwisho zinatakiwa zilale sambamba. Zangu zilikuwa kama mapanga ya feni.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotapeliwa, na mimi nilitapeliwa. Ndani ya shingo ya gitaa la nyuzi za chuma kuna fimbo ya chuma, mafundi wanaiita trasirodi. Kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi. Seti ya nyuzi za unene wa namba 10 kwenye gitaa la umeme ikishatyuniwa inavuta kwa karibu kilo 46. Huo ni mfuko wa saruji uliopungukiwa kilo nne, unaning'inia kwenye kijiti kinene kama mpini wa jembe usiku na mchana. Fimbo hiyo si mapambo. Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1921. Leo Fender, miaka karibu 30 baadaye, aliona mepo ni ngumu ya kutosha, akaanza kutengeneza gitaa zake za Esquire za 1950 bila fimbo. Shingo zikapinda, zikarudi kiwandani, naye akaweka fimbo. Kwa hiyo mtu akikuambia mbao yake ni ngumu haihitaji chuma, mjue kwamba kuna bingwa aliyewahi kusema hivyo akaumbuka.

Ila fimbo inatibu ugonjwa mmoja tu: shingo iliyojikunja kama upinde, mbele au nyuma. Shingo iliyojisokota, yaani upande mmoja unakwenda huku na mwingine kule, fimbo haiwezi. Fundi wa kwanza niliyempelekea, jina lake nalihifadhi, hakulijua hilo au alilijua akanyamaza. Alikaza kwa spana ya alenki, akakaza, akapaka mafuta, akakaza tena mpaka hesi ikavuka ikawa inazunguka bure. Elfu thelathini. Nikaondoka na shingo iliyosokotwa na fimbo iliyokufa.

Basi nikaamua kuchonga shingo mpya, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Keko kuna mafundi wa samani ambao mninga wanaujua kuliko wanavyojua majina ya watoto wao. Niliyempata ni mzee wa makabati na vitanda. Gitaa hajawahi kuchonga. Nilimpelekea shingo mbovu, akaizungusha mara mbili, akatazama kitako chake, ile sehemu inayoingia kwenye mwili wa gitaa, na kusema, "Kijana wangu, hii ilichongwa kwenye ubao mbaya." Alijuaje? Akanionyesha mistari ya mbao, jinsi inavyokwenda sambamba na ukingo mpaka katikati kisha inakata kona kutokea pembeni. Ubao wa namna hiyo, alisema, ukinywa maji unajisokota kufuata mistari yake, kama mti wenyewe ulivyokua.

Mbao haitulii, na sababu ni hewa. Inanyonya na kutoa unyevu mpaka ilingane na mahali ilipo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, mbao inatulia ikiwa na maji kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu; kwenye asilimia 80, ambayo sisi wa pwani ni kawaida yetu, inafika 16. Kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana inatanuka, na inatanuka karibu mara mbili zaidi kwa kufuata pete za mti kuliko kwa kuzikata kutoka kwenye kiini kwenda nje. Ndiyo maana fundi anayejua atatazama kichwa cha ubao kwanza: pete zikisimama wima, shingo itasumbua kidogo. (Fender wenyewe shingo zao nyingi pete zimelala, na zinadumu. Lakini wao wanakausha kwenye tanuri na kupima. Duka nililonunulia Kariakoo halikuwa na habari hizo.)

Mninga una sifa moja ambayo wapiga gitaa wa huku hatuitumii: ukishakauka, hauchezichezi. Unasinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, ndiyo maana droo ya kabati la bibi bado inafunguka masika na kiangazi. Mbao yangu ilitoka kwenye mlango wa nyumba ya ukoo wetu Handeni iliyobomolewa, mlango mzito uliokuwa hapo tangu kabla sijazaliwa. Mzee alikata kipande cha sentimita 70, pete wima, halafu akanishangaza. Hakuanza kuchonga. Aliniambia nilete mzani wa jikoni. Kila Jumamosi kwa wiki sita tulikipima: gramu 1,612 siku ya kwanza, mwisho 1,548 wiki mbili mfululizo. Uzito ulipokoma kushuka, ndipo akasema sasa tuongee. Akakichonga nusu, akakiacha tena wiki tatu kijinyooshe au kijipinde kinavyotaka, ndipo akamalizia. Mlango wa miaka mingi namna hiyo bado aliudai uthibitisho! Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia.

Fimbo niliagiza mtandaoni, ile inayosukuma pande zote mbili. Kibao cha juu kinachobeba freti tulitumia mpingo. Mpingo ni balaa: unazama majini, na misumeno miwili ilipoteza makali kwa kukata nafasi 21 za freti. Hesabu ya freti niliifanya mimi, gawa urefu wa uzi kwa 17.817, pata freti ya kwanza, toa, gawa tena kilichobaki. Kwa uzi wa milimita 648, ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka mwanzo na ya 12 lazima ianguke 324 kamili. Tulipima mara tatu. Vumbi la mninga nalo lilimpa mzee mafua ya siku mbili ya kupiga chafya. Anayetaka kujaribu nyumbani avae barakoa.

Sasa matokeo. Namba napima kwa filageji, zile sahani nyembamba ambazo fundi pikipiki anapimia nafasi ya valvu. Unabana uzi wa sita freti ya kwanza na ya mwisho, unaangalia pengo kati ya uzi na freti ya saba. Siku ya kwanza ilikuwa milimita 0.25. Masika ikawa 0.30. Baada ya Dodoma, safari mbili, 0.20. Kwa miezi yote 14 nimezungusha fimbo mara moja, robo mzunguko. Upande wa uzi wa kwanza unasoma karibu sawa na wa sita, maana yake haijajisokota. Na mwimbaji wetu sauti haifiki, kwa hiyo tunashusha nyuzi nusu toni, mvuto unapungua asilimia 11 hivi. Siwezi kusema sifa zote ni za mninga.

Yaliyonikera yapo. Mzee aliahidi wiki tatu, nikaichukua shingo mwezi wa tano tangu tuanze. Kitako kilizidi upana kwa milimita moja, ikabidi tukipige msasa mpaka kikae kwenye shimo la milimita 56. Mfereji wa uzi wa tatu pale kichwani aliuchimba sana, uzi ukipigwa wazi unavuma kama nyuki. Nilimlipa fundi mwingine elfu kumi na tano kuurekebisha. Mpingo ulipasuka ufa mwembamba kama unywele mwishoni mwa kibao, nikaujaza kwa supagluu na unga wake wenyewe. Na gitaa sasa linaelemea upande wa kichwa kidogo, likiachwa bila mkono shingo inashuka. Mkanda mpana umesaidia.

Gharama yote, pamoja na fimbo, freti na nauli, ni laki tatu na themanini. Karibu gitaa jipya. Wenzangu kwenye bendi wananicheka kwa hilo, ingawa wawili wao wameshaliazima gitaa lenyewe.

Sauti? Kwenye ampu ya hoteli, ikizungukwa na ngoma na kinanda, sioni tofauti ambayo naweza kuapia. Nikiwa peke yangu chumbani noti zinakaa kitambo zaidi, labda, au labda ninaipenda shingo yenyewe, rangi yake ya dhahabu iliyochomwa na harufu inayotoka kiganja kikipata joto.

Kipande kilichobaki cha ule mlango nimeshampelekea mzee, safari hii kwa ajili ya besi. Amesema wiki nne. Nimeandika miezi sita kwenye kalenda, na mzani wa jikoni nimemwachia kabisa.