Samani za mtumba na za kale: kipi cha kununua kwanza, kipi cha kuacha

Mtu anayetaka kupamba sebule yake Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hukabiliwa na samani mpya za namna mbili zilizo rahisi kupatikana. Kuna zile za madukani, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa na kubandikwa karatasi yenye sura ya mbao, na kuna zile za karakana za mitaani, ambazo mara nyingi huchongwa kwa mbao zilizopasuliwa juzi na ambazo bado hazijakauka. Za kwanza huvimba zikipata maji, na za pili hupinda na kuachia nyufa kabla hazijazoeleka nyumbani. Samani zilizokwisha kutumika zina faida ambayo haziwezi kushindwa kwayo: mbao zake zimekauka kwa miaka mingi, na kama zilikuwa za kupinda, zimekwisha kupinda.

Mwongozo huu unazipanga kwa kufuata kile ambacho mnunuzi atabaki nacho baada ya kumlipa muuzaji, mwenye gari na fundi, wala hautazami jinsi zinavyong'aa zikiwa mbele ya duka. Kinachonunuliwa hasa ni mbao na maungio. Kitambaa, rangi, vanishi, bawaba na vitasa vyote hubadilishika, na vingi hubadilishika kwa fedha kidogo. Kwa maoni yangu, jumla ya bei, usafiri na ukarabati ikizidi thuluthi mbili ya bei ya kitu kipya kilichotengenezwa kwa mbao ya aina hiyohiyo, ni afadhali kuacha, isipokuwa kama kitu chenyewe hakitengenezwi tena.

Kwa hiyo ni lazima kwanza kuzijua mbao. Mninga una rangi ya kahawia yenye wekundu au udhahabu, hausinyai sana na si mzito kupita kiasi, ndiyo maana mafundi wa Tanzania wameupenda kwa makabati na milango. Mvule huanza na rangi ya manjano iliyokolea na kugeuka kahawia kwa miaka, na mchwa hawaushambulii kwa urahisi. Mkongo ni mzito na mgumu. Msaji, ambao wengine huuita mtiki na ambao hupandwa katika mashamba ya serikali kama Longuza na Mtibwa, una mafuta yake ya asili na hustahimili unyevu wa pwani. Mpingo ni mweusi na mzito kiasi cha kuzama majini, na ni nadra kuuona katika samani kubwa. Anayekuuzia kabati zima la "mpingo" huenda anakuuzia rangi nyeusi. Msonobari hauna ubaya, ila bei yake isilinganishwe na ya mbao hizo.

Nafasi ya kwanza: makabati na meza za mbao ngumu

Hapa ndipo fedha inapofanya kazi zaidi. Meza za ofisi za zamani, makabati ya vyombo yenye milango ya kioo, kabati la nguo la milango miwili na meza ya chakula ya watu sita ni vitu visivyo na kitambaa cha kuchakaa wala sponji ya kulala, na ubovu wake mwingi huwa juujuu: alama za vikombe, kitasa kilichopotea, bawaba iliyolegea. Hupatikana kwa watu wanaohama mji au nchi na kutaka kuuza vyote kwa siku chache, na katika minada ya hadhara ya mali chakavu za ofisi na taasisi, ambako ni vizuri kufika siku ya kukagua badala ya kungoja siku ya mnada yenyewe. Risiti ichukuliwe kila mara, hasa kwa mali za ofisi.

Ukaguzi uanzie kwenye droo, kwa kuwa fundi aliyefanya kazi kwa haraka hujificha huko. Ivute mpaka itoke yote, kisha uigeuze juu chini. Tazama pembe ambako ubao wa mbele unakutana na wa ubavuni: kama mbao hizo zimechongwa meno yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, aliyeitengeneza hakutegemea misumari, na droo hiyo itaishi kuliko wewe. Kama pembe zimeshikwa kwa misumari tu, au kwa pini za bunduki ya upepo, kitu hicho si cha zamani sana au hakikutengenezwa kwa uangalifu. Sakafu ya droo iwe imeingizwa katika mfereji, isiwe imepigiliwa kwa chini. Upande wa ndani, ambao kwa kawaida haukupakwa kitu, utakuonyesha rangi halisi ya mbao, na mara nyingi hata harufu yake. Droo inayokwama wakati wa masika si sababu ya kukataa. Sugua mshumaa kwenye njia zake, na ikishindikana fundi atapitisha randa kidogo.

Kinachofuata ni bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Vitundu vidogo kama vya sindano vyenye giza ndani vinaweza kuwa vya zamani na wadudu wamekwisha kuondoka, lakini vitundu vyenye kingo safi na unga mweupe unaodondoka ni dalili kwamba wanaendelea kula. Tandika karatasi nyeusi chini ya mguu wa kabati, ligonge ubao kwa kiganja, utazame kinachoanguka. Bisibisi ikizama miguuni bila nguvu, achana na kitu hicho kabisa. Kama kimekufikia nyumbani na bado una shaka, kikae barazani juu ya karatasi kwa siku kadhaa kabla hakijakaribia samani nyingine. Unga mpya ukionekana, dawa ya wadudu wa mbao ipigwe kwa bomba la sindano katika kila kitundu, na vitundu vizibwe kwa nta.

Nafasi ya pili: viti vya mbao na vya henzirani

Kiti kinachotikisika huuzwa rahisi kwa sababu watu wengi hudhani kimekwisha, na hilo ni jambo la kumfurahisha mnunuzi anayejua. Mara nyingi kilichokufa ni gundi tu. Maungio hufunguliwa kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira, gundi ya zamani hukwanguliwa mpaka mbao yenyewe ionekane, gundi mpya hupakwa, kisha kiti huzungushiwa kamba miguuni na kamba hiyo hukazwa kwa kupindwa na kijiti hadi viungo vikutane. Kikae hivyo usiku kucha. Fundi atakayependekeza misumari akataliwe kwa upole, kwani msumari hupasua ulimi wa mbao ulio ndani ya kiungo, na kiti kikilegea mara ya pili hakitengenezeki tena kwa urahisi.

Viti vilivyosukwa kwa henzirani vina uzuri ambao sebule nyingi za leo zimeukosa, tena vinapitisha hewa, jambo lenye maana katika joto la pwani. Msuko uliotoboka ni gharama inayotabirika: henzirani mpya hulowekwa majini mpaka ilainike, husukwa ikiwa bado na unyevu, na hujikaza yenyewe inapokauka. Ulizia kwanza kama mtaani kwenu yupo msusi, kisha ndipo ujadili bei. Nunua viti vinne au sita vya namna moja hata kama viwili ni vibovu. Kuvitafutia wenzake baadaye ni kazi isiyo na mwisho.

Nafasi ya tatu: vitanda

Kitanda cha mninga au cha msaji ni ununuzi mzuri wenye masharti mawili. La kwanza ni kipimo. Vitanda vya zamani, zikiwemo samadari ndefu zenye miguu iliyokerezwa ambazo nyingi zililetwa kutoka India, havikutengenezwa kwa magodoro ya leo ya futi tano kwa sita au sita kwa sita, hivyo pima ndani ya fremu, si kutoka ukingo hadi ukingo. La pili ni kunguni. Chukua tochi na kadi ngumu, upitishe kadi hiyo katika kila kiungo, nyuma ya ubao wa kichwani na katika matundu ya skrubu. Madoa meusi kama ya wino, maganda makavu na mayai meupe ndiyo ushahidi. Kunguni huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo maelezo ya muuzaji kwamba kitanda kimekaa stoo muda mrefu hayatoshi.

Nafasi ya nne: makasha, viti vya enzi na vitu vya njumu

Msomaji wa pwani atashangaa kuyaona makasha, yaani masanduku ya mbao yaliyopambwa kwa shaba, chini kiasi hiki, na sababu si uzuri wake. Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi yaliyaleta kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, na mafundi wa huku nao wakayatengeneza. Yaliwekewa nguo za arusi, dhahabu, hati na udi, mengi yakiwa na droo chini na kisanduku cha siri ndani. Kasha la kweli ni kitu cha kurithisha. Tatizo ni kwamba bei yake imepanda na makasha mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi ni mengi, hasa katika maduka yanayotegemea watalii.

Kasha jipya si kosa likiuzwa kama kasha jipya. Ili kulitambua, acha mbele, ukalitazame nyuma na chini. Skrubu zenye kichwa cha msalaba hazikuwapo kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo kasha linalosemwa kuwa la enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya kumi na tisa, haliwezi kuwa nazo isipokuwa kama limekarabatiwa. Uchakavu wa kweli hukaa mahali pa mikono: kwenye ukingo wa kifuniko, karibu na kitasa, kwenye vishikio vya ubavuni; uchakavu ulioenea sawasawa kila mahali ni kazi ya msasa. Plaiwudi kwenye sakafu ya droo hueleza mengi bila kuuliza, na vilevile harufu ya vanishi mbichi.

Viti vya enzi vya Lamu na Mombasa, vyenye mgongo wa kamba zilizosukwa na pa kuwekea miguu, viangaliwe kwa hadhari zaidi, kwa sababu baadhi vimetiwa njumu, yaani vipande vilivyopachikwa ndani ya mbao kuwa nakshi, za mifupa na vingine za pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na kuvuka mpaka na kiti cha namna hiyo bila kibali ni kujitafutia kesi. Sheria za malikale nazo zizingatiwe. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Anayekupa mlango wa zamani wa kuchonga ili uufanye meza ya kahawa aulizwe ulitoka nyumba gani, na akibabaika, mwachie mlango wake.

Nafasi ya tano: makochi

Kochi la mtumba ni rahisi kununua na ghali kumiliki. Inua pembe moja ya mbele kwa kiasi cha shubiri. Kama mguu wa pembe ya pili haufuati upesi, fremu imelegea. Likifaulu, piga hesabu ya sponji, mikanda, kitambaa na ujira wa fundi kabla hujatoa fedha, kwa kuwa hesabu hiyo mara nyingi hupita bei ya kochi lenyewe. Linafaa tu pale ambapo fremu ni ya mbao ngumu na mikono ya mbao iliyo wazi.

Vya kuacha

Samani za ubao wa unga zilizokwisha kutumika hazinunuliwi kwa bei yoyote ile, kwa sababu skrubu ikitoka mara moja haishiki tena. Magodoro ya mtumba hayazungumzwi.

Kutengeneza na kupanga

Kazi ya kwanza ni kusafisha kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri na sabuni isiyo kali, si kukimbilia msasa. Gusa sehemu iliyojificha kwa pamba yenye spiriti: ikinata, umepata polishi ya zamani ambayo fundi anayeijua anaweza kuihuisha bila kuikwangua. Rangi ya mafuta ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo isisuguliwe ikiwa kavu, na watoto wasiwe karibu. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa vyake vitandazwe nje vikauke, visikunjwe wala kurundikwa, maana huweza kuwaka vyenyewe. Shaba ya kasha husafishwa kwa ukwaju au ndimu na chumvi kidogo, kwa mswaki, bila kuacha maji yakae kwenye mbao. Lakini ising'arishwe mpaka ikafanana na sinia jipya, kwa kuwa weusi ulio kandokando ya misumari ndio unaoonyesha nakshi.

Katika kupanga, kitu kimoja kizito cha kale kwa kila chumba kinatosha, na ukuta mweupe mtupu nyuma yake hukisaidia kuliko pazia la maua. Kasha likae mwisho wa kitanda au chini ya dirisha lisilopigwa na jua la mchana. Pima upana wa mlango na kona ya ngazi kabla ya kulipa, hasa kwa nyumba za Mji Mkongwe, ambako kabati lisilofunguka vipande litabaki uani. Kwenye nyumba za chini zenye kuta za chokaa zinazovuta unyevu, acha nafasi ya vidole vinne kati ya mgongo wa kabati na ukuta, na uweke vipande vya kigae chini ya kila mguu.