Mabasi ya Tabora–Kigoma: mwendo umedhibitiwa, mikanda bado

Kwenye basi la Tabora kwenda Kigoma kwa njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza, sikiliza upande wa dereva. Mlio mkali unaojirudia hapo ni wa VTS, mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Dereva akizidisha mwendo kifaa kinapiga kelele, na kumbukumbu inabaki kwenye mfumo.

Kati ya yote ambayo serikali imefanya kupunguza ajali za mabasi, hili tunalipa alama za juu kabisa. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo inakamata pale ilipo tu. Madereva huwashiana taa, wanapunguza, wakishaipita wanakanyaga tena. VTS haiachani na basi kuanzia stendi mpaka stendi. Kwa kilomita 80 kwa saa, kikomo cha mabasi, basi linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga, mita 33 zimeshakwenda breki ikiwa haijaanza kushika. Akipanda hadi 100, nguvu ya mgongano inaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kasoro ni kwamba kifaa kinachezewa. Washa GPS ya simu: ikionyesha 95 na kifaa kimya, mwambie konda, au ripoti LATRA ukitaja namba ya gari, mahali na saa.

Kuna pia kitufe cha utambulisho ambacho dereva anakigusisha kabla ya kuondoka ili mfumo ujue nani yuko kwenye usukani. Safari ikizidi muda wa saa nane, madereva wawe wawili. Utaratibu ni mzuri, lakini wakibadilishana usukani bila kubadilisha kitufe, mfumo unasoma jina la aliyelala. Tangu safari za usiku ziruhusiwe mwaka 2023, hapa ndipo ukaguzi ungepaswa kukazwa zaidi.

Tairi unaweza kuzikagua mwenyewe stendi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia kwanza za mbele, kwa sababu ya mbele ikipasuka usukani unavutwa upande mmoja. Nyufa ndogo ubavuni ni dalili mbaya hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nene. Tairi yenye upepo pungufu nayo huchemka kwa kujikunja na hupasuka safarini.

Mikanda ndiyo inayotusikitisha. Usimamizi unaishia siti za mbele. Nyuma utakuta mkanda umesukumwa chini ya mto, kifungio kimekufa, au haupo kabisa. Basi likipinduka, asiyefunga anaweza kurushwa dirishani, kisha basi likamlalia. Mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga na ukaze. Ukikaa tumboni unaumiza utumbo. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, kwenye mgongano wa kilomita 50 kwa saa, anaweza kuvutika kama mzigo wa kilo 200, na hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia. Kwa hiyo jaribu kifungio mara tu ukikaa: kibane, kisha vuta kwa nguvu. Kikiachia, dai siti nyingine kabla begi lako halijaingia kwenye buti.