Kupokea M-Pesa kwenye duka la mtandaoni kupitia Daraja: tathmini ya mwenye duka

Kwa duka dogo la mtandaoni ambalo liko Kenya na wateja wake wengi wako Kenya, sijaona njia ya kupokea malipo iliyo bora kuliko Daraja, lango ambalo Safaricom ililifungua mwaka 2017 ili mifumo ya wafanyabiashara iweze kuwasiliana moja kwa moja na M-Pesa. Nasema hivi nikiwa muuzaji wa vipuri vya cherehani, nyuzi na sindano, bidhaa ambazo bei yake mara nyingi ni ndogo na ambazo mnunuzi huzihitaji siku hiyo hiyo kazi yake iliposimama. Sifa hiyo, hata hivyo, ina sharti lake. Kutuma ombi la malipo ni kazi nyepesi. Kujua kwa hakika kwamba malipo yamefika ni kazi nyingine kabisa, na duka linaloshughulikia ile ya kwanza peke yake litakosana na wateja wake mapema.

Huduma yenyewe, ile ambayo wengi wetu tunaiita STK Push, inamrahisishia mnunuzi mambo kwa kiwango ambacho kadi ya benki haijawahi kukifikia hapa kwetu. Zamani fundi cherehani aliyetaka kulipia bobini alilazimika kufungua menyu ya M-Pesa, kunakili nambari ya Paybill, kisha nambari ya akaunti, kisha kiasi, na tarakimu moja ikikosewa fedha huenda kusikotakiwa. Sasa anaandika nambari yake ya simu kwenye ukurasa wa malipo, kidirisha kinajitokeza kwenye simu kikionyesha jina la biashara na kiasi, naye anaweka PIN tu. Jina linaloonekana hapo ni lile lililosajiliwa pamoja na nambari ya biashara, wala si lile lililoandikwa juu ya tovuti, na kwa hiyo ninamshauri kila anayeanza ahakikishe kwamba majina hayo mawili yanafanana, kwa sababu mteja akiona jina geni wakati anaombwa PIN ana kila haki ya kughairi.

Kabla ya kufika huko mwenye duka huchagua aina ya nambari ya kupokelea fedha: Paybill, ambayo huambatana na nambari ya akaunti, au Till, ambayo haihitaji nambari ya akaunti. Kwenye Till mnunuzi hatozwi ada, muuzaji ndiye anayekatwa. Kwenye Paybill kuna mipango mitatu ya ada, ambapo hulipa mteja, au hulipa biashara, au pande mbili hugawana kwa mpango unaoitwa Mgao. Kwa bidhaa za bei ndogo naipendelea Till bila kusita, kwani ada inayoonekana kwa mteja wa reli moja ya uzi humfanya aone kwamba anadhulumiwa. Usajili wa kwenye lango ni rahisi: mtu hufungua akaunti, hupewa funguo mbili za siri, na hujaribu mfumo wake katika mazingira ya majaribio kwa kutumia nambari ya biashara 174379 kabla ya kuomba kuhamia kwenye malipo halisi. Mwenye Till aangalie jambo moja ambalo huwasumbua mafundi wa tovuti: ombi huhitaji nambari ya duka mahali pa utambulisho wa biashara, na nambari ya Till mahali pa mpokeaji, na hizo ni nambari mbili tofauti. Vilevile simu iandikwe kuanzia 254, kiasi kiwe shilingi kamili bila senti, na rejeo la oda lisizidi herufi 12.

Sehemu inayostahili umakini wote ni ile inayofuata baada ya ombi kutumwa, kwa kuwa Daraja hujibu mara mbili. Jibu la kwanza huja papo hapo likiwa na msimbo 0, na maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mteja hata PIN hajaweka. Jibu la pili, ambalo ndilo lenye matokeo, hutumwa kwenye anwani ya mtandao ambayo duka limeitaja ndani ya ombi, nalo huja baada ya mteja kulipa, kughairi au kunyamaza. Nimezipitia programu-jalizi kadhaa zinazotengenezwa kwa ajili ya maduka ya WooCommerce, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, na kukuta baadhi yake zikiandika kwamba oda imelipwa pindi tu jibu la kwanza linapofika, jambo ambalo ni sawa na kumkabidhi mtu mzigo kwa kuwa ametia mkono mfukoni. Anayenunua programu ya namna hiyo aulize swali hilo kwanza, kabla ya kuuliza bei.

Jibu la pili likiwa la mafanikio hubeba kiasi, muda, nambari ya simu na nambari ya risiti ya M-Pesa, ile ile ambayo mteja huisoma kwenye ujumbe wake mfupi. Likiwa la kushindwa hubeba msimbo unaoeleza sababu: 1 ni salio lisilotosha, 1032 ni mteja aliyeghairi, 1037 ni simu isiyopatikana au mteja asiyejibu, na 2001 ni PIN isiyo sahihi. Maduka mengi huzikusanya sababu hizi zote chini ya maneno "malipo yameshindikana", na hapo ndipo wauzaji hupoteza oda ambazo zingeokolewa kwa sentensi moja. Tulipoanza kumwambia mnunuzi kwa Kiswahili cha kawaida kwamba simu yake haikupatikana, kwa hiyo aifungue na abonyeze tena, wengi walikuwa wakibonyeza tena na kulipa.

Kuna udhaifu mmoja ambao naueleza kwa uzito. Jibu la pili haliji na saini ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba limetoka Safaricom, na mtu yeyote atakayeijua anwani ya duka ya kupokelea majibu anaweza kutuma jibu la uongo linalofanana na la kweli. Dawa yake ipo ndani ya Daraja yenyewe: kila ombi hupewa kitambulisho chake, na duka linaweza kukitumia kuuliza hali ya muamala kabla ya kuachia bidhaa, huku likilinganisha kiasi kilicholipwa na kiasi cha oda.

Ulizo hilo hilo lilituokoa katika tatizo lingine. Kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti yetu ilikuwa na ukuta wa ulinzi uliozuia maombi yote yasiyotoka kwenye kivinjari, na hivyo majibu ya malipo yalikuwa yakifika kwenye seva na kurudishwa mlangoni. Fedha zilionekana kwenye Till, oda zikabaki zimeandikwa "inasubiri malipo", na mafundi wakawa wanapiga simu wakitusomea nambari za risiti herufi kwa herufi, wengine wakiwa na hasira ambayo hakuna mtu ambaye angeweza kuwalaumu kwayo. Tangu wakati huo mfumo wetu hauingoji habari peke yake. Oda yoyote ambayo haijapata jibu huulizwa hali yake kila baada ya dakika chache hadi ijulikane.

Kwa upande wa mipaka, muamala mmoja wa M-Pesa hauwezi kuzidi shilingi 250,000, kiasi ambacho kwa anayeuza cherehani za viwandani ni kikwazo halisi. Aliye na wateja ng'ambo wanaolipa kwa kadi, au wateja wa Airtel Money, atahitaji mpatanishi kama Pesapal, kampuni ya Kenya iliyoanza mwaka 2009, ambayo hukusanya njia hizo katika ukurasa mmoja na kujilipa kwa ada yake. Tanzania hali ni tofauti zaidi, kwani wateja wametawanyika katika M-Pesa ya Vodacom, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa, na duka linalojiunganisha na mtandao mmoja litawafungia nje wanunuzi wengi. Huko ningeanza moja kwa moja na wapatanishi kama Selcom au AzamPay.

Yeyote atakayechagua Daraja asitangaze duka kabla hajanunua bidhaa yake mwenyewe kwa fedha halisi: alipe mara moja sawasawa, aghairi mara moja, akosee PIN mara moja, na mara moja aiache simu ikiwa imezimwa, kisha aangalie kila oda imeandikwaje na mteja ameambiwa nini.