Dasher: Kuandika kwa Macho, Bila Kibodi

Kwa mtu aliyepooza mikono na miguu, kibodi ya kawaida ni ukuta. Dasher, programu huria iliyobuniwa na David MacKay na David Ward katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, inaiacha kabisa dhana ya kubonyeza kitufe kwa kila herufi. Herufi hupangwa kialfabeti upande wa kulia wa skrini, kila moja ndani ya kisanduku chake. Mwandishi huelekeza kishale kwenye herufi anayoitaka, nacho kisanduku hicho hukua na kumsogelea, huku ndani yake kukijitokeza visanduku vya herufi zinazoweza kufuata. Inayotarajiwa zaidi hupewa nafasi kubwa zaidi: programu ikiwa imefunzwa kwa matini ya Kiswahili, ukishaandika "asant", kisanduku cha "e" huwa kikubwa mno kukikosa. Ukikosea, unarudi kushoto tu.

Kishale kinaweza kuongozwa kwa kifaa cha kufuatilia macho, kwa mwendo wa kichwa, au hata kwa kitufe kimoja. Katika jarida la Nature la mwaka 2002, wabunifu waliripoti kasi ya kufikia maneno 25 kwa dakika kwa macho pekee.

Kasoro zipo. Mwanzoni, herufi zinazokujia mbio hutia kizunguzungu, hivyo ni heri kupunguza mwendo kwanza. Tena Dasher ni ya kuandikia. Haitoshi peke yake kuiendesha kompyuta nzima. Programu yenyewe ni bure, ila kifaa cha kufuatilia macho hununuliwa.