Dawa ya kugeuza kutu kwenye Peugeot 504: ilipofaa na iliposhindwa

Pikapu yangu ni Peugeot 504, zile zilizokuwa zikiunganishwa Mombasa. Kabla mjomba hajaniachia ilikuwa imebeba samaki wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, miaka mingi. Barafu inayeyuka, maji yanachuruzika hadi kwenye pembe za sakafu ya nyuma na kukaa humo. Ongeza tope jeusi la Ahero lililogandia ndani ya madigadi, ambalo hubaki na unyevu hata jua likiwaka, na bati halina pa kukimbilia. Watu husema kutu ni ya Mombasa kwa sababu ya bahari. Chumvi inaharakisha tu. Maji na hewa vinatosha, na Kisumu hatujakosa hata kimoja. (Wanaonunua magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi msimu wa theluji, walale chini watazame uvungu kabla ya kulipa.)

Kwa mafundi wa jua kali ushauri ulikuwa mmoja: "Omera, paka asidi ya betri, kesho ni safi." Nilikataa. Asidi ya betri, na ile ya kusafishia choo na vigae, zinakula kutu haraka kweli, ila zikiimaliza zinaendelea na chuma kizima. Ile ya vigae, yaani haidrokloriki, ina balaa ya ziada: mabaki yake yanajificha kwenye vishimo vya bati na kuita kutu upya chini ya rangi. Hata mvuke wake ukijaa kwenye stoo, spana zilizotundikwa ukutani zinashika kutu. Na mwenye mazoea ya kuchanganya dawa aambiwe mapema: asidi hiyo na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaua.

Nilichonunua ni dawa ya kugeuza kutu, chupa ya nusu lita, nyeupe kama maziwa. Kijana wa dukani alisema "inatoa kutu". Haitoi. Inaigeuza. Ndani yake kuna tanini, jamii ya kile kilichokuwa kikikamuliwa Eldoret kwenye maganda ya miti ya miwati kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Tanini inashikana na kutu na kuwa kitu cheusi kisichoyeyuka majini, na pamoja nayo kuna plastiki ya majimaji inayokauka kuwa utando juu yake. Aina nyingine hutumia asidi ya fosforiki, nayo huacha rangi ya kijivu iliyokolea. Ukilijua hilo, mengi ya malalamiko unayoyasikia kuhusu dawa hizi yanapata maelezo: mtu anasugua bati mpaka ling'ae, anapaka, halafu anashangaa dawa haigeuki rangi na utando unabanduka. Haikukuta kutu ya kugeuza.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Nilipiga brashi ya waya mpaka magamba yote yakatoka, ikabaki ile kutu nyembamba iliyong'ang'ania. Kila mahali nilijaribu kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, hapo hakuna bati tena na hakuna chupa itakayolirudisha. Kisha nikaosha mafuta kwa sabuni, nikasuuza, nikaacha pakauke. Pikapu iliyobeba samaki ina mafuta sehemu usizozitarajia.

Dawa yenyewe niliimimina kidogo kwenye kopo kuukuu na kupaka kwa brashi, glovu mkononi na miwani usoni. Hapo ndipo nilipofurahi. Kwenye sakafu chini ya mkeka wa dereva weupe uliingia zambarau kwanza kwenye vishimo, pale kutu ilipokuwa nene, kisha ukasambaa, na kabla ya saa kupita bati lote lilikuwa jeusi linalong'aa kidogo. Sehemu zilizobaki kahawia nilizirudia. Nikaacha ikae usiku kucha na mchana wake, kama kibandiko kilivyosema, ndipo nikapiga praima ya mafuta na rangi. Usipake asubuhi yenye umande wala mvua ikinukia. Ikilowa kabla haijakauka inatiririka na kuacha michirizi.

Masika yamepita juu yake sasa. Sakafu ya dereva iko imara. Nimeikwaruza kwa ufunguo na rangi haikubanduka. Sakafu ya nyuma pia, isipokuwa pembeni. Kwenye ukingo wa madigadi, hapo imeshindwa kabisa. Mabati mawili yamekutanishwa na kuchomelewa, na kutu inaanzia katikati yake, mahali brashi haifiki. Kwa nje ilikuwa nyeusi safi. Mvua ilipokolea rangi ikavimba vijipele, nikavitoboa, ndani kuna unga mwekundu. Bati la chini ya milango ndilo baya zaidi, kwa kuwa ni boksi lililofungwa. Hilo nililikata, nikawekewa bati jipya kwa welding, na ndani nikapuliziwa nta. Mafundi wengine humwaga oili chafu humo. Inazuia maji kweli, lakini inachuruzika chini na kulainisha mipira yote inayoigusa.

Kwa hiyo pesa ya dawa hii iweke pale unapoona pande zote mbili za bati au angalau upande unaooza. Kwenye mshono uliofungwa ni kupaka rangi kaburi.

Kwa vitu vidogo, bawaba, vishikizo, bolti za kawaida, siitumii kabisa. Nanunua asidi ya sitriki ya unga kwenye duka la vifaa vya kuokea, gramu mia kwa lita ya maji ya moto, kwenye ndoo ya plastiki, naviloweka usiku. Asubuhi kutu inatoka kwa brashi ya meno, chuma kimebaki kijivu. Suuza kwa maji yenye bekingi soda, kausha, paka oili papo hapo, maana chuma kilichotoka kwenye asidi kinashika wekundu kabla hujamaliza kikombe cha chai. Usitumbukize chochote cha alumini wala kilichopakwa zinki, vitaliwa. Springi na bolti ngumu za kusimamishia magurudumu ziache nje pia: asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma cha aina hiyo, na kinaweza kukatika ghafla bila kupinda.

Bei? Nusu lita ilinigharimu zaidi kuliko kopo la praima lililokuwa karibu nayo rafuni, na ilitosha sakafu zote mbili ikabaki kidogo. Nitanunua tena, chupa ndogo hiyo hiyo. Hii si dawa ya kuweka akiba: hata ikiwa haijafunguliwa ina tarehe ya mwisho, na masalio yaliyoguswa na brashi yasirudishwe chupani, kwa sababu chembe za kutu zilizoingia zitaigeuza dawa yote humo humo.