Kamusi za simu na neno "kukiri": zinapofaa na zinapokwama

Kamusi nyingi za simu hulimaliza neno "kukiri" kwa visawe viwili tu: kubali, ungama. Kwa anayetafuta neno la imani iliyotangazwa waziwazi, jibu hilo halitoshi, na mara nyingine linapotosha.

Kukiri ni kwa kinywa au kwa maandishi. Mtu aweza kuamini kimyakimya miaka yote, lakini hajakiri mpaka atamke au aandike. Maana hugeuka kufuatana na kinachokuja baada ya kitenzi: anayekiri imani anaitangaza na hana lawama yoyote, anayekiri kosa anajitwika lawama, "tunakiri kupokea barua yako" ni kuthibitisha tu. Kamusi isiyo na sentensi za mifano haiwezi kuyaonyesha haya, hata ijisifie wingi wa maneno.

"Kuungama" nalo hutafsiriwa kana kwamba ni la dhambi peke yake. Kweli Mkatoliki huungama dhambi kwa padri, ila neno hilohilo limezaa "muungamadini", yaani mtakatifu aliyeishuhudia imani hadharani bila kuuawa kwa ajili yake. Walutheri nao wana Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni tamko la mafundisho.

Kasoro inayoumiza zaidi ni ukimya kuhusu "kudai". Ukiandika "imani anayodai kuwa nayo" umeshatia shaka. "Imani anayoikiri" inataja alichosema bila kumhukumu. Wala kukiri hakuthibitishi yaliyomo moyoni: Tito 1:16 inawataja watu wanaokiri kwamba wanamjua Mungu, huku matendo yao yakimkana. Mwandishi wa habari asiyeonywa na kamusi yake ataandika "anayejiita Mkristo" na kumtukana mtu bila kukusudia. "Anayejitambulisha kuwa" ni salama zaidi.

Kabla ya kulipia, andika "wanaoikiri" kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu isipokufikisha kwenye "kiri", kila mara utakata viambishi mwenyewe. Ikikurushia "kirihi", inalinganisha herufi tu, kwani hilo ni neno lenye maana ya kuchukiza au kuudhi, halihusiani kabisa. Kisha angalia kama imeorodhesha kiriwa, kirika, kirisha na nomino "ukiri", na kama inakuelekeza kwenye kinyume chake, "kana". Ikikosa minyumbuliko unaweza kuivumilia. Ikikosa mifano, usiilipie.